Mambo Matatu ya Mama wa Mikate

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Mama wa Mikate aliandika mambo matatu kwa chaki kwenye mfuniko wa tanuri lake. Mfuniko ulikuwa kipande cha bati nene kilichokatwa kutoka kwenye pipa la mafuta, cheusi kwa moshi kuliko ubao wowote wa shule niliowahi kukaa mbele yake. Jambo la kwanza lilikuwa la mikate. La pili lilikuwa la nyumba. La tatu aliliita "ya mi mwenyewe", na hilo halikuhusu mume, watoto, kanisa wala wateja. Ukipita asubuhi kwenye kichochoro chetu nyuma ya soko la Manika, Kolwezi, ungeweza kusoma siku nzima ya mwanamke huyu kabla hujamwamkia: Mikate ya harusi. Kuita fundi wa manjanja. Page moya, histoire. Histoire ni somo la historia. Manjanja ndiyo mabati ya paa, na la kwake yeye lilivuja msimu mzima wa mvua, kwa hiyo fundi huyo aliandikwa mara nyingi.

Alikuwa jirani yetu. Ukuta wa tanuri lake ulikuwa karibu sana na jiko la mama yangu kiasi kwamba wakati wa baridi ya Juni tuliegemeza migongo yetu hapo kupata joto la bure. Nilimjua tangu nilipokuwa wa kutumwa mikate, lakini nilianza kumwelewa pale nilipomaliza chuo kikuu Lubumbashi na kurudi nyumbani na digrii ya uchumi ndani ya mfuko wa plastiki. Nilikaa bila kazi. Nilikuwa naogopa kuomba kazi na nilikuwa naogopa kutoomba. Niliogopa hata salamu za watu barabarani, kwa sababu baada ya "habari" lilifuata "sasa unafanya nini?" Yeye hakuniuliza hivyo. Aliniita Lisansie, jina ambalo kwetu hupewa mtu mwenye digrii, na akilitamka alilivuta kidogo mwishoni, nisijue kama ni heshima au utani. Nimelifikiria sana. Nadhani ilikuwa vyote viwili.

Alichotaka kilijulikana na mtaa mzima: diploma ya sekondari. Aliacha shule katika mwaka wa mwisho, kabla ya mtihani wa taifa, na sasa, akiwa na wajukuu, alijiandikisha kama wale wanaosoma peke yao bila darasa na kwenda kukaa kwenye mtihani pamoja na watoto wenye sare. Kila aliyemuuliza sababu alipewa jibu lake. Mchungaji aliambiwa ni ili asome Maandiko kwa Kifaransa bila kujikwaa. Wateja waliambiwa ni ili muuza unga asimdanganye. Mumewe, mzee mpole aliyestaafu kazi ya reli, aliambiwa, "Ni juu uache kuniuliza."

Mimi aliniambia jingine, siku moja akichekecha unga. Huenda kwingine hawafanyi, lakini kwetu matokeo yakitoka aliyefaulu humwagiwa poda: poda ya watoto wachanga, na ikikosekana, unga. Anapita mtaani akiwa mweupe kuanzia nywele hadi viatu, pikipiki zikipiga honi na mama zake wakiimba nyuma yake, na mpaka jioni hakuna anayemkumbusha kuoga. Kila mwaka Mama wa Mikate ndiye aliyetoa unga wa watoto wa kichochoro chetu. Aliuchekecha vizuri, kama wa keki, usije ukawaingia machoni na mabonge. Hata mimi, mwaka wangu, mkono wake ndio ulionimwagia.

"Benye tulikuwa nabo mu klasi, bote nilibamwangia pudre," alisema, na chekecheo halikusimama. "Nilisimama pembeni na ndoo, ninaimba. Batoto yabo, nilibamwangia. Weye, nilikumwangia. Mi niko nangojea yangu."

"Ni hilo tu, mama?"

"Unaona ni kidogo?"

Nilisema hapana. Kisha nikaenda nyumbani kufikiri kama nilisema hapana upesi wa kutosha.

*

Orodha zangu zilikuwa kwenye simu. Zilikuwa na rangi: nyekundu kwa ya haraka, kijani kwa ya maisha, njano kwa yale nisiyojua niyaweke wapi. Siku moja nilimwonyesha nikidhani tutazungumza kama watu wawili wenye nidhamu moja. Alikuwa anakanda. Akasema mikono yake ina kazi, nimsomee.

"Kupata kazi," nikasoma.

"Ile utaifanya saa ngapi?"

"Si jambo la saa, mama. Ni lengo."

"Endelea."

"Kujua Kiingereza. Kuacha woga. Kuwa mtu wa kuamka mapema."

Alicheka mpaka akaegemea meza. "Lisansie, hii haiko mikate. Ni mufuko muzima ya farini. Unaubeba ku kichwa tangu asubui, kisha unashangala juu ya nini shingo inakuuma." Farini kwetu ndiyo unga wa ngano. Akavuta bonge la unga uliokandwa, akalikata kwa kisu, akakiweka kipande kiganjani mwake. Kilijaa sawasawa. "Angalia. Ikiingia mu mukono, unaandika. Ikikatala, unakata tena. Haya, leo utafanya nini?"

"Nitatuma barua ya kuomba kazi."

"Kata."

"Nitaandika hiyo barua."

"Kata."

Nikafikiri. "Nitanunua bahasha?"

"Enveloppe," alisema, kama mtu aliyepokea mkate aliouagiza. "Andika enveloppe. Kwenda."

Nilikwenda. Dukani nilisimama muda mrefu kwa sababu kulikuwa na bahasha nyeupe na za kaki, na sikujua ni ipi inayoonekana ya mtu anayestahili kazi. Mwishowe nilinunua zote mbili. Nilipomweleza alitikisa kichwa, akasema angalau leo sikurudi mikono mitupu.

Mtu angedhani mwanamke wa namna hii aliishi kwa saa. Hakuishi kwa saa hata kidogo. Kwenye kwaya aliingia wimbo wa pili ukiwa umeshaanza. Aliweza kusema hana hata dakika, kisha akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa na kumsikiliza mteja akimsema mkwewe tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na ndoto za huyo mkwe. Baadaye alisimama, akatazama jua, akasema, "Aba batu banakula siku yangu," kana kwamba si yeye aliyeuliza, "Kisha akafanya nini?"

Pia alikuwa akidanganya. Nilimkamata mara moja akiandika "kununua chumvi" chini ya yale matatu, na chumvi ilikuwa tayari mezani. Aliandika, akarudi nyuma hatua moja, akalikata kwa mstari mmoja mrefu.

"Mama, hilo umeshalifanya."

"Njo maana ninalikata." Kwetu "ndiyo" hutamkwa "njo".

"Lakini hukuliandika asubuhi."

"Kazi nilifanya mi, Lisansie. Raha yake unataka nani aikule?"

Jambo ambalo halikufanyika hakuliacha kwenye mfuniko. Jioni alipangusa kila kitu kwa kiganja chenye unga, na asubuhi aliandika upya. Lililoshindikana jana lilirudi likiwa dogo zaidi. "Page moya, histoire" ikawa "nusu page". Wakati mjukuu wake alipolazwa na malaria, ikawa "kufungua kitabu". Nilikiona kitabu hicho siku hiyo, kimefunguliwa juu ya gunia, na hakuna aliyekigusa. Alikuja jioni kutoka hospitali, akakitazama, akakata mstari.

*

Wateja wake wa kwanza kila asubuhi walikuwa vijana wachimbaji. Walipita kwa pikipiki, wawili watatu kwenye kiti kimoja, wakielekea kwenye mashimo ya shaba na kobalti, wakanunua mikate ikiwa bado inachoma vidole. Walisoma mfuniko kwa sauti kama watu wengine wanavyosoma vichwa vya habari.

"Leo mama iko na géographie. Bon courage, mama."

"Weye lipa, wende."

Kati yao alikuwepo mmoja mwembamba, mwenye kofia ya sufi, aliyetoka upande wa Kasai. Huyo alikuwa na diploma yake, na alipenda kuisema. Asubuhi moja alikunjua mikono yake mbele ya tanuri. Ilikuwa imepasuka, na udongo wa kijivu ulikuwa umeingia ndani ya mipasuko.

"Mama, mi niko na ile karatasi unatafuta. Iko ku nyumba, mu valise, mama yangu aliifunga na sachet ya plastiki. Angalia mikono yangu. Ilinisaidia nini?"

Hata mimi, niliyekuwa nimesimama hapo na digrii yangu isiyo na kazi, nilijisikia kama nimeulizwa. Mama wa Mikate aliitazama ile mikono kwa muda, hakujifanya hakuiona.

"Siku ile ulipata, banakumwangia pudre?"

Kijana akatabasamu bila kutaka. "Sana. Na mayi juu. Nilikuwa kama bukari." Bukari ndiyo ugali, na mayi ni maji.

"Mama yako aliimba?"

"Aliimba, akapoteza sauti siku mbili."

"Basi usinilize mi. Yako ulikula." Akampa mkate. "Kesho uniletee question moya ya français. Ya bure."

Tangu hapo yule kijana alikuwa akirusha swali moja kila asubuhi, pikipiki ikiwa inanguruma, na Mama wa Mikate alilijibu kesho yake. Siku aliyoulizwa kiwakilishi kiunganishi ni nini, alimrushia mkate kwa nguvu ya mtu anayerusha jiwe. Kijana aliudaka, akasema hilo si jibu.

Mimi nilimsomesha alasiri, mikate ikiisha. Sikuwa mwalimu mzuri. Kila nilichoeleza nilikieleza mara ya pili nikidhani sikueleweka. Yeye naye hakuwa mwanafunzi mwepesi. Utadhani mtu anayegawa unga kila siku atazielewa sehemu katika hesabu. Wapi. Alizichukia kama mbwa wa jirani. Insha zake za Kifaransa zilianza vizuri, kisha katikati alianza kuzungumza na msomaji kama mteja, na mwisho aliisalimia familia ya msomaji. Nilipomwambia kuwa insha haiagi, aliuliza, "Basi inatoka namna gani? Inaondoka tu, bila kusema?" Lakini mfuniko uliendelea: phrase moya. Verbe moya. Kusoma insha bila kusalimia.

*

Mwaka wa kwanza alishindwa, na namna tulivyojua ndiyo inayonifanya hadi leo nione haya ninaposikia vigelegele.

Matokeo yalitoka asubuhi. Kufika mchana, kwenye barabara kubwa vijana walishaanza kupita weupe, na honi zilikuwa zinalia mpaka upande wa stesheni. Mama wa Mikate alikuwa kazini. Alitoka kwenye kibanda chake na sinia la mikate kichwani, unga umemjaa mikononi, kifuani na usoni, kama siku zote. Msichana mmoja wa nyumba ya pili akamwona, na siku ile, kwa yale yote yaliyokuwa yanapita barabarani, aliona kitu kingine.

"Mama wa Mikate amepata!"

Tulitoka wote. Mama yangu alipiga vigelegele akiwa na mwiko mkononi. Mtu alileta kopo la poda, akammwagia kichwani lote, mwingine akalichukua sinia ili acheze vizuri. Wimbo ulianza. Mimi nilikuwa naimba pia, na nilikuwa nalia, na nilikuwa tayari nawaza kwamba mimi ndiye niliyemsomesha.

Yeye alisimama katikati. Hakupiga kelele kutuzuia. Alingoja mpaka mwimbishaji avute pumzi, akasema kwa sauti yake ya kawaida:

"Bado. Hii ni farini ya kazi."

Hakuna aliyeelewa. Akarudia. "Sijapata. Message ilifika asubui. Hii farini ni ya kazi tu. Asanteni, ba mama."

Alikuwa amejua tangu asubuhi na akaoka. Mtu mmoja nyuma alicheka, kicheko kile cha aibu. Aliyeshika sinia hakujua amrudishie au aendelee kulishika. Mama wa Mikate alilichukua mwenyewe, akaliweka juu ya meza, akaenda nyuma ya nyumba, na tukasikia maji. Aliosha yote pamoja, poda ya watu na unga wa kazi.

Kesho yake niliamka mapema kuliko nilivyowahi kuamka kwa sababu ya orodha yoyote. Niliogopa kuukuta mfuniko mtupu. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia, na maneno mengine kama yale ya kwanza yangekuwa mabaya. Mfuniko haukuwa mtupu. Ulisema:

Mikate ya soko.
Kurudisha kopo ya pudre kwa mwenyewe.
Kulia, kidogo.

La tatu lilikuwa limeshakatwa. Yeye alikuwa amechuchumaa akipuliza makaa, macho mekundu, na moshi ungeweza kubeba lawama hiyo kama angetaka. Hakutaka.

"Ile nilianza nayo," alisema. "Sasa iko na nafasi. Andika weye, mikono yangu iko na makala." Ilikuwa myeusi kwa makaa.

"Niandike nini?"

"Andika: page moya, français."

Wale vijana walipokuja hawakusoma chochote kwa sauti. Walilipa, wakachukua mikate yao. Pikipiki ilipoanza kuondoka, yule mwembamba aligeuka na kupaza sauti, "Mama, adverbe ni nini?"

"Kesho," alisema Mama wa Mikate.

*

Zile bahasha zilifanya kazi, au mojawapo ilifanya, ile ya kaki. Nilipata nafasi Dilolo, katika ofisi ndogo inayoshughulikia karatasi za mizigo inayovuka mpaka wa Angola. Kwa hiyo mwaka wa pili hakuwa na mimi alasiri. Alikuwa na mfuniko, na yule kijana wa kofia ya sufi kwa umbali wa pikipiki inayonguruma. Mara kwa mara mama yangu alinipigia na kunisomea mfuniko kwenye simu bila kuombwa, kama mtu anayesoma hali ya hewa. "Leo ni page mbili ya hesabu. Fundi wa manjanja naye amekuja, mwishowe." Nami huku nilikuwa na ubao wangu, nyuma ya mlango wa chumba, na mambo matatu. Bado niliyafikiria sana kabla ya kuyaandika, lakini yaliingia mkononi.

Matokeo yalipokaribia niliomba ruhusa kazini. Barabara kupitia Kasaji ilikuwa mbovu, lori lilikwama, na njia nzima nilijiuliza kama ni vema kuwepo au kutokuwepo. Nilifika Kolwezi asubuhi na vumbi hadi kwenye nyusi, nikaenda moja kwa moja kwenye kichochoro kabla hata ya kumsalimia mama yangu.

Tanuri lilikuwa baridi. Hapakuwa na harufu ya mkate, na watu wawili watatu walikuwa wamesimama wakiulizana. Mama wa Mikate alikuwa ameketi kwenye kigoda chake mbele ya mlango, ameoga, miguu imepakwa mafuta, amevaa gauni jeusi la mikono mirefu na kitambaa cheusi kichwani.

"Mama, nani amekufa?" mteja mmoja alikuwa anauliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna mutu amekufa."

"Basi nyeusi ni ya nini?"

"Pudre inaonekana muzuri juu yake."

Mteja alinitazama mimi kana kwamba nitafafanua. Mimi nilikuwa natazama mfuniko. Siku hiyo hapakuwa na jambo la mikate wala la nyumba. Paliandikwa: Kuoga. Kuvaa nyeusi. Kungojea. Mawili ya kwanza yalikuwa yamekatwa. Juu ya meza ya kukandia, kwenye bakuli lililofunikwa kitambaa, ulikuwepo unga uliochekechwa.

"Lisansie, umefika," alisema, kama tuliagana jana. Akanipa simu yake na karatasi yenye namba yake ya mtihani. "Macho yangu haisome muzuri leo. Tuma."

Nilishika simu. Niliandika namba, nikaisoma, nikaifuta, nikaiandika tena. Niliwaza gauni jeusi na wateja wanaoangalia. Niliwaza lile sinia la mwaka jana. Niliwaza kwamba nikituma sasa jibu litakuwa lile lile kama nikituma kesho, lakini kesho angekuwa bado anangoja, na kungoja ni bora kuliko...

"Mutoto," alisema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Imebakia kitu moya tu, tena iko yangu. Tuma."

Nikatuma. Mtandao ulikuwa umejaa, nchi nzima ilikuwa inauliza swali moja. Tulikaa. Wale wachimbaji walifika, wakaona hakuna mikate, na hawakuondoka, walizima pikipiki. Mumewe alitoka, akasimama mlangoni nyuma yake. Simu ikatetemeka mkononi mwangu.

Nilisoma. Nikasoma tena kuhakikisha jina. Nikaangalia namba kwenye karatasi, kisha kwenye simu, kisha kwenye karatasi. Nadhani niliangalia lile bakuli la unga, maana yeye alifuata macho yangu, akasimama. Hakuimba. Alikwenda kwenye tanuri, akachukua chaki, akalikata la tatu kwa mstari mmoja mrefu, polepole, toka mwanzo wa neno hadi mwisho. Akarudi kwenye kigoda. Akavua kitambaa cha kichwa, akakikunja, akakiweka mapajani. Nywele zilikuwa zimesukwa upya.

"Sasa fanya kazi," aliniambia.

Nilichukua bakuli. Nilichota kidogo kwa vidole na kumnyunyizia, nikiogopa macho yake, nikiogopa gauni.

"Lisansie, hii haiko chumvi. Mwanga."

Nikamwaga yote. Ulishuka juu ya nywele, mabega na ule weusi wote, na mama yangu ng'ambo ya ukuta akaanza kuimba kabla hajaona kitu, kwa kusikia tu ukimya wetu. Yule kijana mwembamba alikuwa ameshavua kofia yake ya sufi. Alikuwa ameshuka kwenye pikipiki, lakini hakukaribia.

"Mama," aliuliza, "ile farini ni ya kazi?"

Alipangusa midomo tu, ili aweze kusema.

"Hapana," alisema. "Hii njo yangu."